Kuku 12 kwenye kabanda ka mita moja?

SWALI: Habari za kazi. Niko Kirumba hapa Mwanza, nyumba iko mlimani kidogo na uani ni jiwe tupu, si mnajua mambo ya huku. Nataka kuanza na kuku 12 chotara wa mayai. Kuna fundi barabarani anauza mabanda yaliyokwisha tengenezwa, mazuri kweli, yamepigwa rangi na yana ghorofa, urefu sentimita 120 upana 80, anasema kuku 12 wanaingia na nafasi inabaki. Baba watoto anataka tuchukue hilo, mama mkwe anasema tuite vijana watuungie mabanzi tu, zile mbao za pembeni ya gogo zenye maganda. Nimsikilize nani?
Mama wa watatu, Kirumba

JIBU: Mama wa watatu, mwangaluka. Kuingia wataingia, hata 20 wataingia, si kila siku wanasafirishwa kwenye matenga na wanafika? Ila wewe unataka walale humo miaka na watage. Chotara wa mayai piga hesabu ya kuku 4 kwa mita moja ya mraba, 5 ukibana sana, kwahiyo 12 wanataka mita 3 za mraba, yaani mita 2 kwa moja na nusu. La fundi halifiki hata mita moja, na hiyo ghorofa ni viota tu. Wakibanana wataanza kudonoana, wengine watakula mayai, na kinyesi hakikauki, ukifungua mlango asubuhi ile harufu kali inakuchoma macho, sasa jiulize waliolala nayo usiku kucha.

Basi mama mkwe kashinda, lakini sio ushindi wote. Mabanzi ni bei nafuu sawa, ila waambie vijana wabandue maganda yote kabla ya kugonga msumari, maana utitiri wanapenda kujificha humo chini ya ganda na kwenye nyufa. Nguzo weka mirunda, zile fimbo nene za mti mzima.

Hilo jiwe usilichukie. Kicheche hawezi kuchimba akapita chini, ila jiwe linakunywa jua mchana kutwa alafu usiku linatoa joto, na mvua ikipiga maji yote yanateremka juu yake. Kwahiyo inua sakafu kama nusu mita. Mashimo huwezi kuchimba, chukua ndoo za rangi zilizoisha, simamisha mrunda katikati mimina zege, ikikauka ndo mguu wako, alafu funga vizuri pande zote kwa mbao za mshazari manake upepo wa ziwani mchana hauna utani. Juu ya sakafu mwaga pumba za mpunga au maranda, sentimita 5 hadi 10, pumba zimejaa mashineni huko, zikilowa toa hapo hapo usisubiri jumamosi.

Pande ndefu za banda ziangalie kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi ambazo utaziziba. Pande ndefu ziba chini sentimita 60 tu, juu yote wavu hadi karibu na bati. Watu wengi wanakosea hapa, mvua zikianza wanazungushia nailoni banda zima eti kuku wasipate baridi, kumbe wamewafungia hewa chafu na mafua yanaanza. Bati litokeze nje nusu mita, weka tandarua ya kushusha upande mvua inakotoka, juu kabisa pabaki wazi.

Na wavu, ule mwembamba laini unamzuia kuku asitoke lakini kicheche anauchana. Weka wa waya mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, hasa chini. Kenge nao huko karibu na ziwa wanapenda mayai mno, so komeo liwe la kubana kweli, sio kamba.

Ndani weka fito za kulalia zilizolainishwa kingo, kila kuku sentimita 20 (kwa 12 ni mita 2 na nusu hivi, gawanya mbili). Viota vitatu vinatosha, sentimita 30 kwa 30, viwe gizani na chini kuliko fito, ukivipandisha juu watalala humo na mayai yatakuja yamepakwa kinyesi. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle), ile ya tone moja jichoni, usisahau kila miezi 3.

SWALI: Mi banda ninalo zuri tu ila kuku wa kienyeji wanalikataa, jioni wote juu ya mwembe. Shida nini?
Kijana wa Igoma

JIBU: Mdogo wangu, kabla hujawalaumu ingia na tochi saa tatu usiku upapase chini ya fito na kwenye maungio. Ukiona vidudu vidogo vyekundu vinatembea, hao ni utitiri, wanawanyonya damu usiku, hata wewe usingelala humo. Toa matandiko yote uchome, kwangua nyufa, mwagia maji ya moto, alafu uliza duka la mifugo dawa ya kupuliza banda, na rudia baada ya wiki maana mayai yao yanabaki. Likiwa safi wafungie ndani siku kadhaa na chakula na maji, ukiwafungulia watarudi wenyewe. Mwembe huo kata matawi ya chini.