Boga Nakamua Mwenyewe

Wiki hii mmetuuliza: ni chakula gani cha sikukuu ambacho nyumbani kwako hakinunuliwi, hata fedha ikiwepo? Kwangu ni pai ya boga.

Kwetu ni Tanga, lakini naishi Columbus, jimbo la Ohio. Huku Sikukuu ya Shukrani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, ndivyo sheria ilivyoiweka tangu 1941, na karibu kila meza humsubiri bata mzinga. Wangu namtoa kwenye friza Jumapili asubuhi, maana wa kilo 8 huchukua siku nne kuyeyuka ndani ya friji, na haipuliwi mpaka kipimajoto kisome nyuzi 74 kwenye paja. Basi. Moyo wangu uko kwenye boga.

Mwaka wa kwanza nilinunua pai dukani. Jirani yangu, bibi Mmarekani mweusi, alikula kipande chake kwa adabu, kisha akaniuliza kwetu boga tunalipikaje. Nikamweleza boga la nazi tunalofuturia: sukari, iliki, tui zito mwishoni. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni pai tayari, imekosa ganda la unga tu." Mwaka uliofuata, Jumatano usiku, tulisimama jikoni kwangu hadi saa nne. Yeye kwake huoka ya viazi vitamu, kama alivyooka mama yake.

Boga lile kubwa la kuchongwa sura mwezi wa Oktoba halifai, limejaa maji na nyuzinyuzi. Tafuteni dogo lililoshiba. Nalipasua kati, natoa mbegu, nalilaza kifudifudi kwenye trei, oveni nyuzi 200, kama saa moja, mpaka ganda linywee. Wengi wakishalisaga hulimimina papo hapo, ndiyo maana pai zao hutota chini. Mimi nalitia kwenye kitambaa nikalikamua polepole, kama tulivyokamua nazi kwa kifumbu, maji ya manjano yakichuruzika bakulini. Likikauka vizuri linashika mwiko. Kwa vikombe viwili vya boga natia sukari robo tatu ya kikombe, tui zito kikombe kimoja na robo badala ya maziwa ya kopo, mdalasini, tangawizi, iliki, na karafuu ya unga ncha ya kijiko tu, kwani ikizidi ulimi hufa ganzi. Naonja, ndipo nipige mayai matatu. Namimina kwenye ganda la unga, naoka, kisha naiepua pai kingo zikiwa zimeshika na katikati bado panatikisika kidogo. Inajimalizia yenyewe ikipoa usiku kucha.

Binti yangu kazaliwa hapa, na mnazi hajauona ila kwenye picha. Lakini kitambaa siku hizi anakamua yeye, na hakuna aliyemwambia kwamba maji yakipungua kinakunjwa upya, kinasokotwa tena. Nikinunua pai, usiku ule wa Jumatano nitampa kazi gani?

Mwaka jana bibi jirani hakuweza kusimama. Tulimwekea kiti karibu na oveni, miguu imefunikwa kanga, binti akampelekea kijiko cha kuonja kabla ya mayai. Akafumba macho, akanyamaza kitambo.

"Tangawizi," akasema.

Tukaongeza.