Hela ya fidia ya mtoto, nani ana haki ya kuishika?

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 aligongwa na daladala akavunjika paja, kesi iko mahakamani na sasa bima wanataka tuyamalize. Baba yake anasema ikitoka tununue bajaji itulishe wote. Inaruhusiwa?
Mama wa Mbagala

JIBU: Pole sana mama. Hapana, hiyo hela ni ya mtoto, nyie wazazi mnamshikia tu. Na kwa kuwa kesi ishafunguliwa, msisaini chochote na watu wa bima kabla hakimu hajaridhia, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 31, inataka ruhusa ya mahakama mzazi akikubali suluhu au akipokea hela kwa niaba ya mtoto, bila hiyo makubaliano yanaweza kutenguliwa. Mahakama inaweza kuweka masharti hela itunzweje mpaka afikishe miaka 18.

Kinachomhusu yeye, kama kutoa vyuma mguuni, nauli za kliniki au ada, ombeni kibali mtoe, na kila risiti itunze. Bajaji ikipinduka mtoto atalipwa na nani? Mwambie baba yake aiache kabisa hiyo, mama.