Huruma tumezaliwa nayo, mpaka wake tunachorewa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: binadamu huzaliwa mwema au mwovu, na kama ni mwema, uovu wote huu tunaouona unatoka wapi? Mimi naamini tunazaliwa na huruma, ila huruma hiyo haiwafikii watu wote. Ina mpaka. Uovu mkubwa huanza pale mwenye sauti anapoushika mpaka huo na kuusogeza karibu, hadi jirani yako wa miaka yote anajikuta yuko nje. Nitaeleza kwa kutumia sehemu moja ya Rwanda iitwayo Nyange, maana pale wema na uovu vilijidhihirisha ndani ya miaka mitatu tu.

Mimi ni mtu wa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda, na kwetu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambapo Wahutu wenye msimamo mkali waliwaua Watutsi, hayakuwa habari ya kusoma gazetini. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benako, huku kwetu Ngara. Mto Kagera ulikuwa ukipita na maiti. Sisi tuliokuwa watoto tulikatazwa kwenda mtoni, na swali lenu hili tulianza kuwauliza wazazi wakati ule. Hawakuwa na jibu. Katika wale waliokuwa wakiomba maji na ndizi mlangoni walikuwamo waliokimbia vita na walikuwamo waliotoka kuua, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Nyange iko magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao elfu mbili walikimbilia kanisa Katoliki la parokia hiyo wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haitaguswa. Tarehe 16 kanisa lilibomolewa kwa tingatinga, likawaangukia wakiwa ndani. Padri Athanase Seromba, aliyekuwa akiiongoza parokia hiyo, alishtakiwa Arusha kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Rufani ilipoamuliwa mwaka 2008 ikawa kifungo cha maisha, baada ya majaji kuridhika kwamba aliafiki kanisa libomolewe na hata alimwonyesha dereva upande wa jengo uliokuwa dhaifu.

Alimwonyesha upande dhaifu wa kanisa alimokuwa akiadhimisha misa. Nikifika hapo huwa naelewa kwa nini wasomaji wengi wanasema binadamu ni mnyama tu, na dini na sheria ni kamba za kumfungia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Rwanda ya 1994 iliikanusha methali hiyo. Waliouawa walijulikana kwa majina. Waliuawa na waliowahi kusali nao, na waliosoma nao darasa moja.

Sasa twende miaka mitatu mbele, hapo hapo Nyange. Usiku wa 18 Machi 1997 wanafunzi wa madarasa ya juu wa shule ya sekondari walikuwa wakijisomea. Wapiganaji wa mabaki ya Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu walioongoza mauaji ya 1994, wakaingia na silaha, wakaamuru Wahutu wakae upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Amri ikarudiwa, jibu likawa lile lile. Wakamiminiwa risasi na kurushiwa maguruneti. Baadhi waliuawa, wengine walibaki na ulemavu. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa lao, katika daraja la Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Naomba msomaji asiharakishe hapa. Mwanafunzi Mhutu alikuwa na njia ya kusalimika, nayo ilikuwa kusogea hatua chache tu. Hakuna aliyemshika. Tena Rwanda ya wakati ule ilikuwa na yatima kila mahali, na magereza yamejaa baba na kaka za wengine. Wangekuwa na kila sababu ya kuchukiana. Kama asili yetu ni ubinafsi na kingine chochote ni rangi ya juujuu, basi mbele ya mtutu wa bunduki rangi hiyo ingebanduka kwanza. Haikubanduka.

Kwangu mimi ushahidi mkubwa umo katika ile amri yenyewe. Kwa nini wauaji walitaka wanafunzi wajitenge kwanza? Walikuwa na silaha, wangeweza kuua darasa zima tangu mwanzo. Ni kwa sababu uovu wa namna hii hauendi bila mpaka, na mpaka haukuwapo kwenye macho ya watu, ilibidi uchorwe. Wabelgiji waliuchora kwenye vitambulisho miaka ya 1930, kila mtu akaandikiwa kabila lake, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo ndivyo vilivyokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Redio RTLM ya Wahutu wenye msimamo mkali, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende mchana na usiku. Chui hahitaji redio ili amle mbuzi. Binadamu alihitaji redio, vitambulisho, mikutano ya viongozi, pombe na vitisho kwa waliosita, ndipo akamwinulia jirani yake panga.

Najua nitajibiwa kwamba tamaa nayo ilikuwapo. Ni kweli. Mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya vijijini yaliyosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili, na sehemu kubwa zilihusu mali: ng'ombe walioibwa, mabati yaliyong'olewa, mashamba. Siikatai tamaa, nayo tumezaliwa nayo. Lakini mwizi wa kawaida huiba usiku na kujificha kwa sababu moyo wake unajua aliyeibiwa ni mtu. Kuiba mchana kweupe huku ukiimba kunahitaji kwanza uambiwe kwamba mwenye mali hayumo tena katika hesabu ya watu.

Kuhusu watoto wachanga, wanasayansi wamejaribu kuangalia kabla dunia haijawafundisha mengi. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi 18. Mtu mzima wasiyemzoea alidondosha kibanio cha nguo, akajifanya hakifikii. Wengi wa watoto walikwenda kumwokotea bila kuahidiwa chochote. Hiyo ni huruma, au tuseme mbegu yake. Mwaka uliofuata Katherine Kinzler na wenzake walionyesha upande mwingine: watoto wa miezi 10, huko Marekani na Ufaransa, walipendelea kuchukua kichezeo kwa mtu aliyezungumza lugha ya nyumbani kwao. Huo ni mpaka. Naona vyote viwili vimo ndani yetu kabla hatujajua kutembea vizuri. Waislamu wanaoshikilia fitra, yaani kwamba mtoto huzaliwa na maumbile safi, na Wakristo wanaoshikilia dhambi ya asili wanaweza wote kukuta kitu chao hapo, na mimi siwaamulii.

Kinachonipa moyo ni kwamba mpaka husogea pande zote mbili. Wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, waliziopoa maiti zilizoletwa na Kagera hadi ziwani, wakazizika. Hawakuwajua marehemu, na Rwanda haikuwa nchi yao. Na huko kaskazini mashariki mwa Kenya, tarehe 21 Desemba 2015, al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, amri kama hiyo katika kaunti hiyo hiyo ilimalizika kwa watu 28 kuuawa. Safari hii abiria Waislamu waligoma. Kina mama waliwavisha wenzao Wakristo hijabu, na wauaji wakaambiwa waue wote au waondoke. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Januari 2016.

Sijui kama Salah Farah aliwahi kusikia habari za Nyange. Lakini amri aliyoikataa ndiyo ile ile waliyoikataa wale wanafunzi, na mimi nimejifunza kuitambua hata inapotolewa kwa sauti ya chini: kwenye kampeni, msibani, kwenye kikao cha ukoo kuhusu nani aolewe na nani. Jitengeni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Huku mpakani kuna watoto ambao babu zao walitoka ng'ambo ya mto, na wenzao wakigombana nao huwaita wakimbizi, ingawa wote wamezaliwa kata moja. Neno hilo likisikika darasani kwangu, somo husimama. Wenzangu wengine huona nakuza jambo, eti ni utani wa watoto. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, kwa sababu neno "mende" nalo lilianza kwa watu kucheka. Darasa la saba nawasimulia Nyange yote mawili, kanisa na shule, kwa maneno wanayoweza kuyabeba, kisha nawauliza kwa nini wale wanafunzi Wahutu hawakusogea. Mjadala huwa mkali. Mada hii haimo kwenye mtihani wa taifa, na wapo wazazi waliolalamika kwamba nawapotezea watoto muda. Nimewakaribisha waje wakae nyuma wasikilize, na muhula ujao nitaifundisha tena.