Njia ya daladala iitwe “502” au iitwe “Bububu”?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Unguja. Pamoja na wanafunzi wangu ninatayarisha rejea ya kompyuta ya njia za daladala, za mjini na za shamba, kila njia ikiwa na ukurasa wake. Tumekwama kwenye majina. Wapo wanaotaka ukurasa uitwe kwa nambari, wapo wanaotaka uitwe kwa mwisho wa safari, na wapo wanaotaka kurasa zipangwe kwa stendi, kwa hoja kwamba abiria huanzia stendi. Lipi ni sahihi, na njia zenye majina yanayofanana tuzitenganishe vipi?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Kichwa cha ukurasa kiwe nambari ikifuatiwa na mwisho wa safari, yaani “502 Bububu”, kwa sababu hivyo ndivyo gari zenyewe zinavyoandikwa na ndivyo abiria anavyotafuta. Hata hivyo, kitu kinachounganisha majedwali yenu ndani ya kompyuta kisiwe nambari hiyo wala jina hilo. Kila njia ipewe kitambulisho kisicho na maana yoyote, mathalan N014, ambacho msomaji hatakiona na ambacho hakitabadilishwa hata njia ikibadilika nambari, jina au stendi.

Najua wanafunzi watauliza kwa nini wajitaabishe na kitambulisho cha tatu wakati vipo viwili vinavyojulikana. Waambieni waitazame stendi. Miaka iliyopita nilitengeneza orodha ya namna hii kwa matumizi yangu, nikaipanga kwa stendi, na karibu kila mstari wa gari za mjini ulianza na neno “Darajani”. Waliozoea kupandia Darajani walipoanza kuelekezwa Kijangwani, orodha yangu yote ikawa ya uongo kwa siku moja, ingawa gari zilikuwa zile zile na zilikwenda kule kule. Kosa halikuwa la waliohamisha stendi; lilikuwa langu, kwa kuliweka jambo linalobadilika mahali pa jambo la kudumu. Stendi ni sifa ya njia, na ikae katika safu yake pamoja na tarehe mliyoihakiki.

Majina nayo hubadilika hata pale yanapoonekana kutulia. Huko London, njia sita za reli zilizokuwa zikiitwa kwa jina moja la Overground zilipewa majina tofauti mwaka 2024, kila moja na lake. Aliyetumia jina kuwa ufunguo wa jedwali alilazimika kulifumua jedwali zima. Aliyetumia kitambulisho kitupu aliongeza jina jipya na kuliacha la zamani katika safu ya majina mengine. GTFS, muundo wa kuandikia data za usafiri wa umma ulioanzia Portland nchini Marekani mwaka 2005 na ambao leo husomwa na programu nyingi za ramani, umeyatenga mambo haya tangu awali: una safu ya kitambulisho, ya jina fupi na ya jina refu. Nawashauri muufuate. Wala msidhani kwamba ni wa treni zenye ratiba ya dakika tu, kwani watafiti walioandaa ramani ya matatu za Nairobi, iliyotolewa mwaka 2014, waliutumia kwa gari ambazo, kama zetu, huondoka zinapojaa.

Safu ya nambari iwe ya maandishi, si ya hesabu. Hakuna atakayejumlisha 502 na 505, na siku itakapozuka njia yenye herufi mbele ya nambari yake kompyuta isikatae kuipokea. Paris, pamoja na njia zake 14 za metro, ina mbili ndogo ziitwazo 3bis na 7bis, na jedwali la hesabu halina pa kuziweka.

Mtaona pia kwamba nambari zetu zina mpangilio: 116 ya Nungwi na 118 ya Matemwe ni za kaskazini, 206 ni ya Chwaka, 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi ni za kusini, na zinazoanza na 5 ni za mjini. Ni mpangilio mzuri wa kumfundishia mgeni, lakini msiugeuze kuwa kanuni ya kuainisha. Bububu imo Wilaya ya Magharibi A, nje ya Wilaya ya Mjini, na gari yake bado ni 502. Mkitaka wilaya, iandikeni waziwazi katika safu yake.

Sasa majina yanayofanana, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu ya kazi hii. Jambo la kwanza ni kutofautisha barabara na huduma. Gari ya Bumbwini nayo hupita Bububu, lakini si 502; barabara ni moja na huduma ni mbili. New York wamelizoea jambo hili: reli iliyo chini ya Eighth Avenue ni kitu kimoja, na treni za A, C na E zinazoitumia ni kitu kingine. Hivyo “Barabara ya Bububu” na “502 Bububu” ni kurasa mbili. Ipo na ya tatu, kwa sababu reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, iliyoanza kazi mwaka 1905, nayo ilikwenda Bububu. Iandikwe “Reli ya Bububu”, ipewe mwaka wake wa kuanza, na isifutwe kwa sababu tu haipo.

Mabano yatumike pale tu penye mgongano wa kweli. Rejea ya dunia nzima hulazimika kutaja mji kila mara, maana Njia ya 1 ipo Paris, ipo Cairo na ipo Beijing. Rejea yenu ni ya Zanzibar, na kuandika “(Unguja)” mbele ya kila kichwa ni kumchosha msomaji bure. Kizimkazi, hata hivyo, ziko mbili, Dimbani na Mkunguni, kwa hiyo ukurasa wa 326 useme gari inafika ipi. Mkiongeza Pemba, tajeni ncha zote mbili, “603 Chake Chake–Mkoani”, kwa sababu huko safari hazianzii mji mmoja, na neno “Mkoani” likisimama peke yake linaweza kusomeka kama mkoa wowote.

Tahadhari moja ya kiufundi ambayo wengi huigundua wamechelewa: ritifaa. Mwanafunzi mmoja ataandika Jang'ombe kwa alama iliyonyooka, na simu ya mwenziwe itaweka iliyopinda, Jang’ombe. Kwa jicho ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili, na anayetafuta ataambiwa hakuna. Chagueni alama iliyonyooka kila mahali, kisha safu ya majina mengine ibebe “Jangombe” isiyo na alama, pamoja na “Kwerekwe” kwa Mwanakwerekwe na “Chake” kwa Chake Chake, kwa sababu utingo haiti jina refu.

Ukurasa wa majaribio uwe wa 505. Garini imeandikwa “U/Ndege”, abiria husema “Eapoti”, jina kamili ni Uwanja wa Ndege, na Pemba nako kuna uwanja wa ndege. Ukikaa sawa huo, mengi ya yaliyobaki yatafuata mkondo wake.