Maswali ya Wasomaji: Kutoboa Matofali ya Kioo kwa Ajili ya Taa za Mapambo

Swali: Ndugu Mshauri, ninatengeneza taa za mapambo nyumbani kwa kutoboa matofali ya kioo, yale yenye uwazi ndani, na kuingiza humo mnyororo wa taa ndogo. Ninatumia biti ya kutobolea vigae yenye ncha ya mkuki. Mara nyingi kazi huenda vizuri hadi karibu na mwisho, kisha kioo hupasuka au humeguka pale biti inapotokeza upande wa ndani. Tatizo liko wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, tatizo la kwanza ni biti yenyewe. Ncha ya mkuki hufaa kwa tundu jembamba la skrubu, lakini tundu la kupitisha mnyororo wa taa huhitaji upana wa milimita 20 hivi, na kwa upana huo mkuki husukuma kioo kwa nguvu ya kabari mpaka kikaachia ufa. Tafuta biti ya duara, iliyo wazi katikati kama bomba, ambayo ukingo wake umepakwa chembe za almasi. Biti hiyo haikati kioo, bali hukisaga taratibu kwa kuzunguka pembeni tu, na kipande cha katikati hubaki kizima hadi kinapoanguka ndani.

Kwa kuwa biti ya namna hii haina ncha ya katikati ya kuishikilia, huteleza mwanzoni na kukwaruza kioo. Iinamishe kwanza hadi ichimbe alama ndogo yenye umbo la mwezi mwandamo, kisha uinyooshe polepole huku ikizunguka, hadi duara lote liwe limegusa kioo. Asiyejiamini na atumie kipande cha ubao chenye tundu la kipimo kilekile, akibane juu ya tofali, nacho kitaielekeza biti mpaka iwe imeshika njia.

Mwendo wa drili uwe wa chini, takribani mizunguko 400 hadi 800 kwa dakika, na ule mtindo wa kugonga unaotumika kwenye zege uzimwe kabisa. Maji yasikosekane hata kwa sekunde chache. Jenga ukuta mdogo wa puti kuzunguka mahali pa tundu, ujaze maji, na kila baada ya muda mfupi uinue biti kidogo ili maji yaingie chini yake na kuondoa tope jeupe la kioo. Ukiona tope limegeuka kuwa unga mkavu, simama mara moja. Joto linalojikusanya mahali padogo hufanya sehemu hiyo ya kioo itanuke huku sehemu zinazoizunguka zikibaki baridi, na mvutano huo ndio huzaa nyufa ambazo mafundi wengi hudhani zimetokana na mkono mzito.

Hata hivyo, mkono mzito nao una madhara yake, hasa mwishoni kama ulivyoeleza. Anayetoboa kioo bapa anaweza kukiegemeza kwenye ubao, au kutoboa nusu upande mmoja na nusu upande wa pili. Tofali lenye uwazi halitoi nafasi hiyo, kwa sababu upande wake wa ndani haufikiki, na kwa hiyo kinga pekee ni kupunguza shinikizo. Sauti ya drili inapobadilika na kuwa nyembamba, acha uzito wa drili pekee ufanye kazi. Ninasisitiza jambo hili kuliko yote yaliyotangulia, kwani dakika ya mwisho ya kutoboa ndiyo inayoamua kama tofali litapona.

Chagua vilevile mahali pa tundu. Matofali haya hutengenezwa kwa kuunganisha nusu mbili za kioo zikiwa bado za moto, na mshono wake huonekana katikati ya ubavu. Toboa kando ya mshono, mbali na pembe, katika ubavu utakaokaa nyuma au chini ya taa.

Kuhusu usalama, vaa miwani ya kinga na barakoa. Epuka glavu pana za kitambaa wakati drili inazunguka, kwa kuwa zinaweza kunaswa. Drili ya betri ni salama zaidi kuliko ya waya wa umeme palipo na maji.

Swali: Baada ya kutoboa, ndani ya tofali hubaki ukungu mweupe usiotoka, ingawa nilizuia maji yasiingie. Nifanyeje?

Jibu: Kuyazuia maji hayo ni vigumu. Nusu mbili za tofali zinapounganishwa, hewa iliyofungiwa ndani ni ya moto, na inapopoa shinikizo lake hushuka chini ya lile la hewa ya nje. Biti inapopenya, tofali huvuta maji pamoja na unga wa kioo. Tikisa kwanza kile kipande cha duara kitoke, maana ni chembamba kuliko tundu, kisha usuuze kwa maji safi mara kadhaa kabla tope halijakauka. Likishakauka hung'ang'ania sana. Malizia kwa spiriti kidogo, uimwage, na uache tofali limeinamishwa, tundu likiwa chini, hadi harufu ya spiriti iishe kabisa ndipo uingize taa.

Swali: Je, ninaweza kutumia balbu ndogo ya kawaida badala ya mnyororo wa taa? Nina watoto wadogo nyumbani.

Jibu: Usitumie balbu ya waya unaowaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka kuwa joto, na ndani ya tofali joto hilo halina pa kutokea. Taa za LED za volti ndogo ndizo zinazofaa, na zile zenye mwanga wa rangi ya joto, yaani wa umanjano, wa kelvini 2700 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), hupendeza zaidi katika kioo chenye mawimbi. Lainisha ukingo wa tundu kwa msasa wa maji, kisha uvike pete ya mpira ili waya usikatwe.

Kwa kuwa una watoto, kagua kisanduku cha betri kabla ya kununua. Betri bapa za mviringo zikimezwa zinaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu, hivyo chagua kisanduku kinachofungwa kwa skrubu. Tofali moja la milimita 190 kwa 190, lenye unene wa milimita 80, lina uzito unaozidi kilo mbili. Liweke mahali pa chini na pana, na waya usining'inie mahali ambapo mtoto anaweza kuuvuta.