Kwa wanandoa wanaotumwa kuhudumu visiwani, Ziwa Victoria

Mnaotoka Moshi huwa mnafungasha kama mnakwenda Tanga: kanga, malapa, shati jepesi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko stendi mnayopandia basi la Mwanza, na upepo wa asubuhi majini unapenya hadi mifupani. Bebeni makoti. Biblia, simu na dawa ziingie kwenye dumu la mdomo mpana lenye mfuniko wa kukaza, kwa sababu ndani ya mtumbwi hakuna pakavu.

Ratiba ya Jumapili iacheni nyumbani. Kisiwani kinachopanga ratiba ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani: wavuvi wanaingia ziwani jioni, wanarudi alfajiri, mchana wanalala, na kina mama wako juani wanaanika. Mkiita mkutano saa nne asubuhi siku za giza, mtahubiria watoto. Mbalamwezi ikishakolea, kazi ya dagaa inasimama siku kadhaa, nyavu zinashonwa na watu wana nafasi. Fikeni mwanzoni mwa siku hizo, maana baadaye wengi huvuka kwenda kuona familia zao. Wavuvi wa sangara hawafungwi hivyo na mwezi, kwa hiyo mpigieni kwanza kiongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, wa mwalo husika (ufukwe wanakoshushia samaki) mumuulize wanavua nini.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Injini ya hosipawa 15 ikiachiwa moto wote hula karibu lita 6 kwa saa. Hesabuni mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, la akiba. Safari ya mwendo wa saa nne kwenda tu ni lita 24 mara tatu, yaani 72. Chukueni madumu manne ya lita 20. Msiyajaze hadi mdomoni, petroli hutanuka juani. Kwa injini nyingi za kuchanganya oili, kipimo ni moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa lita 20. Petroli ya kununulia kisiwani imimineni kidogo kwenye chupa nyeupe, muiache itulie dakika chache: maji yatakaa chini, na mstari mtauona kwa macho. Chujeni kwa kitambaa kizito kabla ya kumimina kwenye tangi.

Injini ikiwaka, tazameni nyuma yake kama inatoa kile kimchirizi cha maji. Kikikatika, zimeni papo hapo. Mara nyingi ni magugu maji au kipande cha wavu kimeziba tundu la kuvutia maji. Mkiendelea, injini inaungua. Plagi za akiba, spana yake, kisu na makasia visikosekane.

Radi za ziwa hili hupiga zaidi usiku kuelekea asubuhi, tofauti na za nchi kavu zinazopenda alasiri. Kwa hiyo msing'oe nanga gizani ili kuwahi. Subirini kupambazuke, mtazame mawingu, ndipo muondoke. Juni hadi Agosti upepo wa kusini huwa mkali. Na mzigo: MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia Ukara, imebeba watu kupita uwezo wake, wakafa zaidi ya 200. Nahodha akiongeza abiria wa njiani, shukeni. Itaonekana dharau, shukeni tu. Jaketi okozi livaliwe tangu ufukweni, lisikaliwe kama mto.

Mkifika, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kwanza, kanisa baadaye. Mama mchungaji asingoje kuandaliwa kiti: aende kwenye vichanja, asalimie, ashike dagaa, ageuze. Huko ndiko atakakoambiwa nani mgonjwa na nani amefiwa.

Ubatizo wa kuzamisha una shida yake, nayo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye majani ya kina kifupi, na huzidi jua linapopanda. Chagueni asubuhi mapema, mahali pasipo matete, na waulizeni wenyeji kuhusu mamba. Maji ya kuoga yachemsheni, au yakae siku mbili kwenye chombo safi kisicho na konokono.

Waliokulia Machame au Marangu hawana kinga ya malaria waliyo nayo watu wa ziwani. Chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Mkirudi, hesabuni wiki 6 hadi 8 ndipo mkapime choo kuona kama mna kichocho. Mapema zaidi mayai yake hayaonekani, na dawa haiui minyoo yake ambayo bado michanga. Mwambieni daktari wa Moshi waziwazi kwamba mliingia Ziwa Victoria, la sivyo anaweza kuwatibu vidonda vya tumbo.