Kuhusu kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wadogo

Dada wa Nyalenda, umeuliza kwa nini kundi lako la wazazi, lililoanza na akina mama 30 wenye ari, sasa limejaa matangazo ya mitumba na sala za asubuhi huku maswali kuhusu watoto yakikosa majibu. Letu la hapa Kondele liliharibika vivyo hivyo, mpaka tukaligawa: kundi moja ambalo wasimamizi pekee ndio huandika, na lingine la mazungumzo.

Kilichotufaa zaidi ni ujumbe wa sauti, kwa Kijaluo na Kiswahili, usiozidi dakika moja, kwa sababu mama anayenyonyesha usiku hana mkono wa kuandikia. Kila Jumatatu tunawakumbusha wenye watoto wa miezi 9 kufungua kijitabu cha mama na mtoto na kutazama tarehe ya chanjo ya surua. Ile ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, ina dozi kadhaa, na ya mwisho husahaulika upesi kwa kuwa mtoto tayari anakimbizana na kuku uani.

Picha za vipele msiziruhusu kundini. Mzazi amtumie mhudumu wa afya ya jamii faraghani. Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyepatwa na degedege hasubiri majibu ya simu: apelekwe kituo cha afya mara moja, na habari ziandikwe baadaye. Akina baba nao waongezeni. Wetu wawili (mmoja ni bawabu wa usiku) ndio hujibu alfajiri.